Benchi Lisilo na Alama

Pasta Musyoka, ndugu yangu,

Habari za kifo chako zilinifikia hapa Mbumbuni kwa mdomo wa mchuuzi wa mbuzi, wiki mbili baada ya wewe kuzikwa. Alizitaja katikati ya kupatana bei, kama anayetaja mvua iliyonyesha kwa jirani. Nilimwacha na mbuzi wake nikaingia ndani. Ulipougua hukunitumia hata neno. Nami sikukuandikia miaka yote hiyo, kwa hiyo sina haki ya kulalamika. Lakini nalalamika.

Mwezi uliopita hatimaye nilikwenda Nuu. Kaburi lako limezungushiwa mikonge. Kanisa lina pasta kijana na viti vya plastiki, na wanawake wawili huketi mbele pamoja na wazee wa kanisa. Unajua ilivyokuwa? Barua ya kuwaruhusu wanawake kuwa wazee wa kanisa ilitoka makao makuu, ikasomwa baada ya matangazo ya harusi, watu wakaitika amina, wimbo ukafuata. Basi. Jambo lililotuvunja mimi na wewe.

Nakumbuka ile njaa. Wanaume walikuwa Mombasa na Nairobi wakitafuta kazi. Wanawake ndio waliochimba mabwawa kwa mwethya, ile kazi ya kusaidiana, kikundi baada ya kikundi, wakiimba. Ndio waliozika, ndio walioezeka upya paa la kanisa. Aliyewaongoza, Mama Kalondu, alisimama ibadani akauliza kwa nini wao hawawi wazee wa kanisa. Uliomba muda wa kutafakari. Ukapita msimu, ukapita mwingine. Wanaume wakarudi, bado unatafakari. Nilipokusumbua ulinijibu, "Mwalimu, maji ya mchangani hayaharakishwi. Chimba shimo, kisha ungoje yajichuje." Nami nikakuambia, "Ukingoja sana, punda wa jirani atayanywa." Ulicheka hadi ukashika mbavu. Mimi sikucheka.

Ndipo ukapanda mlimani kufunga na kuomba, mara ya tatu kwa jambo lile lile. Jumapili hiyo, mimi mwenyekiti wa wazee, nilisimama nikatangaza kwamba Mama Kalondu na mwenzake ni wazee wa kanisa kuanzia siku hiyo. Wanaume wakaguna. Nikasema: "Asiyependa achukue benchi lake!"

Nilisema kwa hasira, kama mtu anavyosema. Nikasahau ni mabenchi ya nani. Tulipojenga kanisa lile, kila boma lilileta benchi lake la mti wa mukau, na mwenye boma akalichoma kwa chuma cha moto alama ile ile anayoweka kwenye mizinga yake ya nyuki. Kwetu, kitu chenye alama hakibishaniwi. Mzee Kilonzo, mume wa Mama Kalondu, aliinuka wa kwanza. Alishika benchi upande mmoja, akamtazama mkewe. Mama Kalondu akanitazama mimi. Kisha akainama, akashika upande wa pili. Wakatoka hivyo, mume mbele, mke nyuma; mzee wa kanisa niliyemtangaza punde tu, akibeba. Wengine wakafuata.

Uliposhuka mlimani, midomo imekauka kwa kufunga, ulikuta sakafu tupu. Uliketi chini pale benchi la Mzee Kilonzo lilipokuwa, ukasema, "Mwalimu, umechimba. Sasa atachota nani?"

Nilikuchukia kwa neno hilo. Bado nakuchukia kidogo, Mungu anisamehe. Maana wewe walikuheshimu. Mimi walinivumilia tu. Neno lako moja, wakati wanaume hawajarudi, lingetosha. Ulikuwa nalo. Ukalipandisha mlimani na kulishusha, ukalipandisha tena.

Wiki iliyofuata nilihamia huku kwa wakwe zangu, na benchi langu juu ya lori. Ndiyo, nami nilichukua langu. Lina alama ya baba yangu. Limekaa barazani hapa miaka yote. Wageni hulikalia na kusifu mbao zake.

Mama Kalondu yupo. Ni mjane sasa. Nilimkuta ibadani ameketi sakafuni juu ya leso, viti vitupu vimemzunguka. Wanasema barua ilipokuja walimwendea yeye kwanza. Akawaambia, "Niliitwa mara moja, nikatoka nimebeba. Niacheni hapa chini. Hapa hakuna wa kunitoa." Alinisalimu kwa mikono miwili, akauliza habari za watoto wangu. Heri angenitukana.

Jana nilichukua randa nikaliparua benchi hadi alama ya baba ikaisha. Sasa si la boma lolote; hakuna wa kulibeba nje.

Lala, ndugu yangu. Sikuja kukuzika, na hilo sitalilipa. Lakini nakuahidi: mvua zikipungua nitalileta benchi Nuu, niliweke kando ya leso yake. Sitatangaza kitu. Nitaketi sakafuni upande wa pili, ningoje. Asipolikalia siku hiyo, nitarudi Jumapili nyingine.

Mwalimu wako