Mama Taratibu, Uliyemwonyesha Daktari Vidole vya Fundi

Mwaka umetimia, Mama, tangu Alhamisi ile asubuhi ulipotuacha. Nyumba imeshazoea ukimya. Sisi bado.

Miaka ishirini na miwili uliwauguza majumbani watu ambao hospitali ilishasema hawatapona. Ukimgeuza mgonjwa kitandani ulimwambia, "Taratibu, taratibu," hadi mtaa mzima ukakuita Mama Taratibu. Sisi wanao tulicheka, maana pikipiki yako hukuiendesha taratibu hata siku moja.

Kilipoletwa kishikwambi, ili daktari wa hospitali kuu awaone wagonjwa kwa video akiwa huko huko mbali, ulinuna wiki nzima. "Miaka yote hii kazini, leo nimekuwa wa kumshikia mtu simu!"

Kisha ukaenda kwa mgonjwa wako mmoja, mzee fundi cherehani. Daktari alimuuliza kwenye video kama anaumwa, mzee akatabasamu. "Sijambo, daktari." Daktari akasema basi, tuendelee na dawa ileile. Wewe ukakishusha kishikwambi hadi kwenye mikono iliyong'ang'ania shuka.

"Daktari, uso wake una adabu tu. Tazama vidole."

Daktari akasogeza uso karibu na kioo. "Nimeona, Sista. Tuongeze mofini, maumivu yatulie."

Kesho yake fundi aliomba akalishwe dirishani. Tangu hapo daktari hakuandika dawa kabla ya kukuuliza, "Wewe uliye chumbani, unaonaje?" Kununa kukaisha.

Zamu yako ya kuugua ilipofika, tulikiegemeza kishikwambi kwenye mto. Daktari, mfamasia na muuguzi uliyemfundisha mwenyewe wakawa wanajadili ini lako, kila mmoja kutoka alipo. Ukawakatiza: "Jamani, mwenye ini yupo, hajatoka!" Walicheka, wakakuomba radhi, wakakuuliza unataka nini. Ukasema ubaki nyumbani, na usiteseke. Wakagawana kazi palepale, ukiwasikiliza.

Ulibaki nyumbani, Mama. Maumivu hayakukushinda.

Na Jumatano ile ya mwisho, daktari alisafiri akaja mwenyewe. Miaka minne mmefanya kazi pamoja, hamjawahi kukutana. Aliinama mlangoni asigonge kichwa, ukamtazama toka juu hadi chini.

"Kumbe wewe mrefu hivi!"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akakushika mkono. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, dada yako, mjukuu aliyezaliwa baada yako akapewa jina lako, majirani, na wenzako wote wa kazi.

Ungali wetu, Mama, siku zote.