Migomba ya Nyuma ya Banda la Mbuzi

Kaka Mbonea,

Shikamoo yangu haitapata marahaba, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye habari. Nimechefukwa. Nimechefukwa hadi chakula hakipiti. Majuzi mama wa mgahawa wa jirani na ofisi aliniwekea makande ya maziwa, yale uliyokuwa unayafuata hata ukiwa umeshiba, nikayatazama mpaka yakapoa. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa na watu.

Tangu tukuzike nyuma ya nyumba ya mama yako kule Bombo, ofisi yetu ya Same haijabadilika. Joto lile lile, vumbi linaingia kwa madirisha yaliyofungwa, feni inalia bila kuleta upepo. Kiti chako Dokta alikihamishia mezani kwake wiki ile ile. Nikaacha, kiti ni kiti, na yeye ndiye mkuu wa mradi wetu wa migomba. Lakini kompyuta yako aliniachia mimi, nami nikaifuta vumbi kila asubuhi kama ulivyokuwa ukifanya, kwa kile kipande cha khanga. Usicheke. Nilikuwa nalia huku nafuta.

Wewe ndiye uliyenitoa ujinga, na hili nalisema bila haya. Nilikuja na cheti changu nikidhani takwimu ni kutafuta wastani tu. Ukaniambia, "Nakijwa, wastani unakwambia mgomba una unene gani. Haukwambii unene ukiongezeka, mkungu nao unafanyaje." Ukanichorea jedwali dogo nyuma ya bahasha: unene wa shina, urefu, idadi ya vichane, uzito wa mkungu, na namna kila kimoja kinavyotembea na mwenzake. Ukasema hiyo ndiyo matriksi ya kovariansi na nisiogope jina. Tulikuwa nazo mbili, ya Ugweno kwetu na ya Bombo kwenu. Zikilingana, tunamimina takwimu za milima yote miwili kwenye kapu moja na kutoa kanuni moja, ile ambayo bwana shamba atapima shina kwa kamba, akisie mkungu, ajue shamba lipi limechoka na lipewe miche mipya. Zisipolingana, kila mlima na kanuni yake.

Na kuuliza kama zinalingana ni mstari mmoja tu kwenye R, ile programu ya takwimu. Unaandika boxM, unafungua mabano, unaweka vipimo, unaweka jina la mlima, unafunga. Nilifurahi kama mtoto siku niliyoiandika mwenyewe ikakubali. Ukanikata maini hapo hapo. Ukasema jaribio hili ni mbwa mwenye wasiwasi, anabweka hata jani likianguka; takwimu zikipinda kidogo tu anapiga kelele. Kwa hiyo akibweka usikimbilie panga. Toka nje kwanza uangalie kuna nini.

Siku alipobweka kwamba Ugweno na Bombo hazilingani, ulitoka nje kweli. Ulichora michoro. Nukta za Ugweno zilikuwa zimetawanyika, migomba minene na myembamba, mikungu ya kujivunia na mingine ya kuonea huruma. Nukta za Bombo zilikuwa zimejibana kona moja juu, zote nene, zote zimependeza. Ukazitazama. Halafu ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukavua miwani. "Huyu ni mama yangu," ukasema. "Mama yangu na wamama wote wa Bombo."

Nilikuwa sielewi. Ukanieleza kwamba mgeni akiingia kwenu kuangalia migomba, anapelekwa ile iliyo karibu na jiko, inayokula majivu na maji ya vyombo. Ile dhaifu ya nyuma hapelekwi kamwe, ni kumkosea mgeni na kujivunjia heshima. Vijana wetu wa kupima walifika, wakapokelewa, wakanyweshwa chai, wakaongozwa kwa upole hadi kwenye migomba mizuri, wakapima wakaondoka. Hakuna aliyedanganya. Walikuwa wakarimu tu. Ugweno nilipima mimi mwenyewe, nikavuta kamba kona hadi kona ya shamba na kupima kila mgomba ulioangukia kwenye kamba, hata ule wa shangazi yangu kule Kighare ulioinama kwenye korongo kama mlevi. Shangazi alininunia siku nzima. Alisema nimemwanika.

Ukasema, "Basi hatujui bado kama milima hii inalingana. Tunajua tu kwamba Wagweno hawana adabu." Nikakurushia kalamu. Ukasema turudi Bombo tukapime ile iliyofichwa. Ukakata kamba mpya, ukaitia alama kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu, maana wino ulikuwa unafutika kwa umande. Kisha homa ikakushika. Kamba ikabaki juu ya meza.

Sasa ndipo ninapofika kwenye uchafu wenyewe.

Dokta aliniambia wageni wa mradi wanakuja Ijumaa kupokea ripoti, na wanataka kanuni moja. Moja, si mbili. Nikamweleza yote, migomba ya jikoni, michoro, safari ya kurudi. Akanisikiliza huku anakula kuku. Alipomaliza akavuta kiti chako, akakaa kwenye kompyuta yako, na vidole vile vile vyenye mafuta, kaka, vile vile, akafungua faili la Ugweno. "Tatizo ni hizi zilizokaa vibaya," akasema. Akachagua mistari ya migomba dhaifu akafuta. Akaendesha boxM. Ikabweka. Akafuta mingine. Ikabweka. Akafuta tena, anajilamba kidole, anafuta, anaendesha, mpaka p, ile namba ya jibu, ikavuka sifuri nukta sifuri tano na mbwa akaacha kubweka. Akaniangalia kwa furaha ya mtu aliyefungua kizibo cha soda. "Unaona? Zimelingana."

Hazijalingana. Ulinifundisha kwamba hata bila kufuta kitu, kukosa tofauti si kupata usawa. Huenda hukuangalia vya kutosha. Huyu hakukosa kuona. Alijitoboa macho mwenyewe. Badala ya kwenda kuitafuta migomba mibovu ya Bombo, ameizika mibovu ya Ugweno, na sasa milima yote miwili inapendeza na hakuna shamba lililochoka. Shangazi yangu hayupo tena. Nilimtafuta kwenye faili, mgomba wake wa korongoni, hayupo. Atakuja bwana shamba na kanuni hiyo, atamwambia shamba lake ni zima, miche hapati. Nilienda kunawa mikono wakati si mimi niliyeshika kuku.

Hayo ningeyameza, labda, kama tulivyomeza mengine. Nilikuwa na nakala ya faili zima, nikijua nitalitumia kupigana polepole. Lakini akafungua ukurasa wa kwanza wa ripoti akanionyesha. Pameandikwa kwamba uchambuzi wote wa takwimu umefanywa na marehemu Mbonea. Wote. Akasema ni heshima kwako. Akasema watasimama dakika moja ya ukimya Ijumaa kabla ya chai. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ananipa zawadi, "Na mtu akiuliza maswali magumu, tutasema aliyefanya hayupo."

Nimeshaona panya aliyekufa ndani ya pipa la maji, kaka. Sikusikia kinyaa kama kile. Mtu mzima, msomi, kanisani anakaa benchi la mbele, anajificha nyuma ya maiti.

Na hakutosheka. Alinituma mimi nipande Bombo nikalete picha yako ya kuweka juu ya jina.

Nilipanda. Nilijiambia nitafikiria njiani, ila njia ile unaijua, unafikiria breki tu. Mama yako alinipokea kwa mikono miwili, nikamwamkia, akaitika, akanikalisha. Nilipotaja picha alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaingia ndani akatoka na ile ya kwaya, umevaa joho, umefumba macho nusu. Akaifuta kwa kitenge chake. Akanikabidhi akasema, "Wamemkumbuka mwanangu. Mungu awabariki." Nikaishika. Kaka, mikono yangu ilikataa kuitia mkobani.

Nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kovariansi. Kwamba migomba aliyowaonyesha vijana wetu ilikuwa ile ya jikoni. Kwamba wewe uliligundua hilo ukacheka, hukukasirika, na ulitaka kurudi. Kwamba mkubwa wetu hakurudi, amefuta migomba ya watu wengine ili mambo yafanane, na anataka kuandika kwamba ni wewe uliyefanya hivyo. Nikamwambia picha hii itakaa juu ya uongo huo.

Nilidhani nimemuua mara ya pili, nikaanza kujilaumu kwa kuupanda mlima ule na mdomo wangu. Kisha akanyoosha mkono akaichukua picha. Akairudisha ndani, nikasikia kabati linafungwa. Akatoka na panga na ndala zake za shambani. "Una kamba?" akaniuliza. Nilikuwa nayo, yako, yenye rangi ya kucha. Sijui kwa nini niliibeba. Ilikuwa kwenye mkoba tangu ulipokufa.

Akanipitisha kando ya jiko bila kusimama kwenye ile migomba yake ya fahari. Tukapita kaburini kwako, akaokota jani lililoangukia msalaba, tukaendelea. Nyuma ya banda la mbuzi akasimama. Kaka, hukuwahi kuniambia iko vile. Mashina kama mkono wangu, majani yamekauka kingo, mmoja umeegemezwa kwenye gongo usianguke. Mama yako alisimama mbele yao ameinamisha uso, kama aliyekutwa hajavaa. "Hakuna mgeni aliyefika hapa," akasema. "Hata mchungaji. Pima."

Nilipima. Yeye alishika ncha ya kamba. Kila nikiandika alikuwa anageuka pembeni. Tulipomaliza shamba lake akampigia kelele jirani wa chini kwa Chasu, lugha ya kwenu. Sikuelewa neno, ila jirani aliuliza kitu kwa mshangao na mama yako akajibu kwa ukali, akitaja jina lako. Jirani akatufungulia njia ya nyuma kwake. Kesho yake wakatufungulia wengine. Si wote. Mmoja alitupa chai akatupeleka jikoni kwa heshima zote, nikapima ya jikoni nikashukuru.

Nilirudi Same mikono mitupu. Nikamwambia Dokta picha hakuna, mama amekataa, na jina la mwanawe linatoka kwenye ukurasa ule. Lisipotoka, Ijumaa nitasimama mimi kabla ya ile dakika ya ukimya na haitakuwa kimya. Unajua alifanya nini? Alilifuta. Hakubishana. Alilichagua akabonyeza, kwa kidole kile kile, kama alivyomfuta shangazi yangu. Nililia kwa hasira, maana hilo ndilo nililokuwa nimelitaka na bado lilinitia kinyaa. Ripoti yake imepokelewa, wamekunywa chai, wamepiga picha. Mimi sina tena meza pale. Kompyuta yako nimewaachia, ila niliifuta kwanza, kitufe kwa kitufe, kwa maji na sabuni.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha mama yako. Amenipa chumba chako. Faili zima la Ugweno ninalo, na shangazi yumo, na korongo lake limo. Nyumba za Bombo nimebakiza chache. Nikimaliza nitachora michoro kwanza, kisha nitaandika ule mstari mmoja, nami sijui utajibu nini. Huenda milima inalingana kweli. Huenda hailingani hata chembe. Ahadi yangu kwako ni hii: jibu litakalotoka ndilo nitakalolisoma mwenyewe kwa sauti, kwenu na kwetu, mbele ya wenye migomba, na jina litakalokuwa chini yake ni la kwangu, mtu aliye hai wa kuulizwa.

Kwa heri, mwalimu wangu. Lala bila deni la mtu yeyote. Mama yako ananiita, ameshavaa ndala. Anasema kuna mgomba mmoja kule bondeni aliousahau. Siku ile ya kwanza aliniambia shamba lake limekwisha.

Nakijwa