Gitaa la Bati Linanguruma, Mke Wangu Anasema ni Nyuki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa watu wa hapa Kewanja wakisikia Mwikwabe ameomba msaada watasema dunia imefika mwisho, maana mimi ndiye huombwa, ritungu, kinubi chetu Wakurya cha nyuzi nane, nimelipiga toka ujana wangu, nimepiga harusi za huku Tarime mpaka Serengeti kwa Waikoma, akina mama walikuwa wanaacha ugali unaungua wanakuja kucheza, na shule sikukaa sana lakini vidole vyangu vimesoma mpaka chuo kikuu.

Sasa siku hizi kwenye harusi wanaleta maspika makubwa kama kabati, nikipiga ritungu hakuna anayesikia, nakaa pale kama mtu anayekuna mbuzi. Ndipo juzi nikaenda Sirari na mke wangu Robi kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikamkuta kijana wa Kijaluo anaitwa Olima anauza vyombo vya muziki, amepakata gitaa lenye tumbo la bati, katikati lina sahani yenye matundu kama kichujio cha chai, halina waya halina umeme lakini lina sauti, mshauri, lina sauti! Nilisimama pale nacheka peke yangu kama bwana harusi.

Nikamwambia lete hapa. Nikalikagua kama ninavyokagua dume mnadani, na kwa kukagua dume hakuna wa kunifundisha, nikalinyanyua nikaona lina uzito, nikalipapasa mgongo, nikalipiga kofi, nikapiga nyuzi zote moja moja bila kubana popote, kwa sababu ritungu ndivyo linavyopigwa, kila uzi una neno lake, huyo anayebanabana shingo ni mtu aliyepungukiwa nyuzi. Likanguruma! Zzzrrr, kama dume lililoona dume lingine, na wewe unajua ritungu lisilonguruma ni ubao tu wa kuanikia dagaa. Olima akasema, "Jaduong', mzee wangu, wewe una sikio. Wengine wote wanalikimbia hili kwa sababu ya huo mngurumo." Nikamwambia, "Hao hawajui kitu, mura, kijana wangu." Tukakubaliana nimpe mtamba, siku ya mnada analeta gitaa anaondoka na ng'ombe.

Robi akasema mbele ya watu, "Mwikwabe, hilo ni sufuria lina nyuki." Watu wakacheka. Nikamwambia mama, nyamaza, mambo ya muziki huyajui. Akasema, "Muziki siujui, lakini mtamba namjua. Alitoka kwenye mahari ya binti yangu Felista, ni wa nyumba yangu. Ukimtoa, siku ambayo angezaa nitakuja na kibuyu nikukamue wewe."

Toka siku hiyo mimi natembea nacheka, nikishika jembe vidole vinapiga mpini, na rika langu Waitara anaoza binti yake mwezi ujao, nimeshamwambia asikodi maspika, Mwikwabe anatosha. Kwa hiyo naomba unisaidie jambo moja tu, nimwambie Robi maneno gani ili akubali. Usiniambie nisinunue, hilo nimeshakataa kabla hujasema.

Ni mimi Mwikwabe, bingwa wa ritungu, Kewanja

MAJIBU

Mzee Mwikwabe, shikamoo. Heshima nimeshaitoa, sasa kaa nikuseme.

Barua yako niliwasomea wenzangu hapa ofisini, tukacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Mtu wa umri wako kupenda kitu kipya hadi anacheka njiani peke yake, hiyo ni baraka, usiiache. Lakini gitaa hukulikagua. Ulikagua ng'ombe. Mimi nimeolewa na mpiga gitaa, nalala chumba kimoja na magitaa yake, kwa hiyo hapa sibahatishi.

Mkeo ana sikio kuliko wewe. Mngurumo wa ritungu ni utamu, aliyelitengeneza aliuweka makusudi. Gitaa la bati halitakiwi kunguruma. Chini ya hicho unachokiita kichujio kuna sahani nyembamba ya alumini ndiyo inayokuza sauti, na ikilia zzzrrr ujue imepinda, imepasuka, au haijakaa mahali pake. Mwambie Olima akaze skrubu zote mbele yako. Mngurumo ukiisha, vizuri. Usipoisha, achana nalo, maana sahani nyingine utaitoa wapi hapo Sirari? Na kijana wa watu alikuambia wazi kwamba wenzako wanalikimbia, wewe ukaona ni sifa!

Halafu hizo nyuzi ulizopiga bila kubana hazikukuambia lolote. Gitaa likiwa na ugonjwa, mara nyingi huuficha shingoni. Fumba jicho moja, tazama shingo kwa urefu wake kama unavyotazama mpini wa mkuki, ikipinda, rudisha. Ikinyooka, bana kila uzi nyuma ya kila kile chuma kidogo kilicholala shingoni, kimoja baada ya kingine, hata kama itachukua asubuhi nzima. Uzi ukikoroma au ukifa, kuna kasoro. Kisha bana uzi katikati kabisa ya urefu wake: unatakiwa utoe sauti ileile ya uzi ulioachiwa, ila ya juu, kama mtoto anayeimba na baba yake. Wakipishana, hilo gitaa halitaimba na mtu. Mwisho kaza nyuzi, piga kwa nguvu, usikilize kama zinalegea zenyewe. Kung'aa na uzito usivitazame, hata sinia linang'aa.

Maneno ya kumwambia Robi hayapo. Mwambie tu, "Njoo usikilize." Akae mbali kidogo, akupe mgongo, wewe upige. Akisema bado nyuki, gitaa libaki kwa mwenyewe, na usibishe.

Kwa Waitara nenda leo, usingoje kesho. Mwambie akodi maspika, na fundi wake aweke maiki mbele ya ritungu lako. Maspika hayohayo yanayokumeza ndiyo yatakayokubeba. Gitaa huwezi kulijua kwa mwezi mmoja, na harusi ya binti wa mwenzako siyo mahali pa kujifunzia.

Mtamba sasa. Ng'ombe wa mahari ya binti ni wa nyumba ya mama yake, wewe ni Mkurya, sikufundishi. Tena gitaa la bei rahisi kama hilo, hata likiwa zima, halifiki thamani ya mtamba. Siku ya mnada, kama bado unalitaka, mwache mtamba zizini, swaga mabeberu wawili wa kwako mwenyewe, kama unao. Utashangaa macho yanavyoona vizuri pale kinachotoka kikiwa chako.