Tumeiokoa Barafu, Mjomba

Chumba namba 14,
Bweni la Wanafunzi,
9 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepoa. Kama bado unanyanyua majokofu peke yako nitamwambia Mama, na unamjua dada yako akianza. Mimi sijambo, ila pua inachuruzika tangu nifike.

Kwanza nakushukuru. Baba alipogoma nisije, akisema likizo si ya kwenda kukata barafu za watu, wewe ndiye uliyekaa naye mpaka akalainika. Siku ile sikusema asante. Nilikimbilia kupanga nguo.

Kazi yenyewe ni hivi. Tuko wanafunzi sita wa chuo, tumechukuliwa miezi miwili tujifunze utafiti. Barafu inachimbwa huko kwenye ncha ya dunia, mamia ya mita kwenda chini, inatufikia katika vipande virefu kama mabomba. Ndani yake mna viputo vya hewa ya maelfu ya miaka iliyopita. Tunaikata kwa msumeno, tunaipima hiyo hewa, tunajua zamani zile dunia ilikuwaje. Kuingia ghalani inakotunzwa navaa mpaka viwiko havikunjiki, natembea kama godoro.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa nabandika lebo nje ya ghala la barafu, nikasikia kompresa inayolipoza inawaka, inakohoa, inazima. Inawaka tena, inazima. Kipimo cha mlangoni kilionyesha baridi ileile, kwa hiyo wenzangu walipita tu. Mimi nikakumbuka karakana yako: masikio kwanza, bisibisi baadaye. Nikamfuata profesa wetu, mama mkali asiyependa kukatizwa kazi. Nikabisha hodi, Mjomba, nikamwambia ghala lina hitilafu!

“Nani kakwambia limeharibika?” akaniuliza.

“Nimelisikia, Profesa. Mjomba wangu ni fundi majokofu, nimekulia karakanani kwake.”

Akachukua kipimajoto cha mkononi, tukaingia. Kumbe kile cha mlangoni kilikuwa kimekwama! Ndani baridi ilishapungua vibaya. Tukajipanga mstari, profesa mwenyewe akiwemo, tukahamishia masanduku yote ya barafu ghala la pili. Saa mbili nzima bila kupumzika. Sanduku moja tu ndilo lililoharibika. Barafu yote ile ilichimbwa kwa miaka mitatu, na hakuna nyingine kama hiyo.

Jioni profesa akaniita ofisini. Nikajua nimeharibu kitu. Kumbe alitaka kuniambia nafasi yangu ya likizo ijayo ipo, nisiombe upya. Nilitoka nimesahau hata kufunga mlango.

Mkazamjomba mpe salamu nyingi. Sweta alilonifumia ndilo ninalolivaa ndani kabisa. Msalimie Bibi, na Baba mwambie anayekata barafu za watu anakula vizuri na analala mapema.

Jambo la mwisho. Ripoti yetu imekamilika. Mwishoni kuna ukurasa wa shukrani, majina ya madaktari na maprofesa watupu. Niliomba kuongeza mmoja, nikakubaliwa. Nimeandika majina yako yote matatu, na mbele yake nikaweka: Fundi Majokofu. Profesa alisoma, hakufuta hata herufi.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye sana,
Kiherehere wako wa karakanani