Shavu la Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wa tisa. Mbuzi anacheka. Mwandishi ameandika tu "mbuzi akacheka" akaenda zake, kazi akaniachia mimi. Nimechora mbuzi asubuhi nzima. Wengi wanaonekana wagonjwa. Mmoja anafanana na mama mwenye nyumba, na huyo ndiye mzuri kuliko wote. Nimembakisha.

Stima ikapotea. Kompyuta ikazima. Nikarudi kwa penseli.

Ilipowaka, nikakuta barua pepe ya Akinyi, mhariri wangu wa Nairobi. Kurasa nane za kwanza amezipenda. Ila Babu. Shavu la Babu limejaa. Anasema wakaguzi wa vitabu vya shule wataona mzee anatafuna muguka, majani ya kulevya kama miraa, mbele ya watoto wa gredi ya pili, na kitabu kitaanguka. Anataka shavu liondoke kufikia Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimeudhika. Babu wa kitabu ni Baba yangu, nilimchora kutoka kwa picha ya Krismasi. Miaka yote niliyochora vibonzo vya gazeti, nimewapa waheshimiwa matumbo ya kuzidi meza, na hakuna mhariri aliyewahi kuniambia nipunguze tumbo. Lakini gazeti lilifuta ukurasa wa vibonzo mwaka jana, na vitabu hivi sita vya shule ndiyo kazi pekee niliyo nayo. Kwa hivyo shavu litaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Haliondoki. Nikilifuta, Babu anakuwa mzee wa kalenda ya dawa ya ng'ombe. Anatabasamu bila sababu. Nikilirudisha, ni Baba, na Akinyi hamtaki.

Nimetoka mtaani kwangu, Dallas, kwa miguu hadi sokoni, nikarudi bila kununua kitu. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Siwezi kukaa kitako.

Dawa ni moja. Niende nyumbani, nimwambie Baba ateme, nimchore mdomo ukiwa mtupu.

Jumamosi, 8 Machi

Mbeere. Joto la kukaanga mtu. Muguka ya Baba imechipua majani mekundu, na yeye mwenyewe yuko katikati yake, kofia kichwani, akikagua kama mwalimu wa zamu. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa muguka. Hicho cheo hukivaa hata akiwa peke yake shambani.

Nilipomwambia ateme alicheka. "Kwani unanipiga picha ya kitambulisho?" Akatema. Akaomba maji, akasukutua, akaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni. Mama alikuwa kando anachagua ndengu.

Nikachora kofia. Paji. Macho yale ya ujanja. Nikafika shavuni, shavu bado limejaa.

Nikamwambia amesahau kutema upande wa kushoto. Akafungua mdomo. Mlikuwa hamna kitu.

Binti hamgusi baba yake usoni. Nimemgusa. Chini ya ngozi kuna kitu kigumu kama kokwa ya embe. Akautoa mkono wangu, si kwa hasira, kwa haraka tu.

"Ni jino," akasema. "Liko hivyo tangu mavuno ile ingine. Haliumi."

Mama aliacha ndengu. Hakuwa anajua. Wanalala chumba kimoja na hakuwa anajua. Lakini nani angeangalia? Shavu la mwanamume wa kwetu limejaa, kila mtu anajua limejaa nini. Mimi ndiye ninayelipwa kuangalia sura za watu. Na kwenye kitabu nililichora tu, nikalitia kivuli vizuri, nikamtumia Akinyi.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani. Nimesoma kwenye simu mambo ambayo singepaswa kusoma. Naogopa.

Nimempigia Njeru, ndugu yangu, yule wa pikapu ya kubeba muguka. Akacheka. "Aah, sista, wacha kuwa na stress. Hata mimi niko na shavu." Nikamwambia ateme kisha ajishike. Nikasikia anatema. Lake lilikuwa muguka.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Baba kila siku. Haendi hospitali. Leo ndipo aliponiambia sababu, na si jino.

Mwezi uliopita kulikuwa na baraza. Wakaja maofisa wanaoisema muguka vibaya. Baba akasimama na koti lake, akafungua mdomo mbele ya umati: miaka arobaini natafuna, njoo unionyeshe ugonjwa. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakakimbia. Nilikuwepo. Nilipiga makofi pia, nilijivunia.

Sasa anasema, "Unataka nikapange laini na hii shavu, watu wote wakiniona? Watasema mwenyekiti amemalizwa na muguka. Bei itaanguka. Unataka niwape hao watu ushindi?"

Nikamwambia huenda haihusiani na muguka hata kidogo. Akakata simu.

Nina hasira naye. Nina hasira na yale makofi. Sikio la kufa halisikii dawa, Mama amesema kwenye simu, kisha akalia kwa kusema neno kufa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kupeleka kurasa. Sijapeleka. Akinyi amepiga, sikushika.

Nimefanya jambo baya. Maneno yangu Baba hayasikii, ila vibonzo vyangu alivisoma siku zote. Alikuwa akivishika mbali na macho, anamtazama mheshimiwa niliyemchora, anasema, "Huyu hajalala." Anaamini mchoro kuliko redio.

Basi nimemchora. Baba kwenye baraza, koti, kifua mbele. Shavu la kushoto limemtangulia, limefika kabla yake, limekalia kiti cha mwenyekiti. Wazee wanalisalimia kwa heshima zote. Baba mwenyewe amesimama nyuma, anatafuta pa kuketi. Mdomo wake wazi, na ndani hamna hata jani moja.

Ni kibonzo kizuri. Miaka mitatu sijachora kizuri kama hicho. Nimekituma kwa simu ya Njeru amwonyeshe. Nilipobonyeza tu nikajuta. Nimezunguka meza. Nimefungua friji, nimefunga.

Jumamosi, 15 Machi

Njeru amepiga. "Mzee ameblow, sista. Anasema umemchora kama chura. Ati usikanyage kwake. Na amechukua simu yangu, ameenda nayo kwa mkutano ya wakulima, ati awaonyeshe vile nyinyi wasomi mnadharau wazazi."

Amewaonyesha wenzake wote! Nimeketi sakafuni.

Akinyi ameandika pia. Jumatatu asubuhi, la sivyo kazi anampa mtu mwingine. Sijali.

Uongo. Najali sana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemgeuza Babu. Katika kila ukurasa anatazama upande wa pili, shavu la kushoto halionekani. Mbuzi naye nimemhamisha ili Babu awe na wa kumtazama. Ujanja wa bei rahisi, mchoraji yeyote anaujua. Akinyi ameandika: safi sana, hivyo ndivyo nilivyotaka.

Nimeona aibu kwa jinsi ilivyokuwa rahisi kuficha.

Nyumbani kimya. Simu ya Mama imezimwa.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nimekuta Baba langoni. Peke yake. Koti la baraza, viatu vimepakwa rangi, mdomo mtupu. Shavu liko palepale. Hakunisalimia. Aliingia, akaketi, akatazama ukuta wangu uliojaa michoro kama anayehesabu dhambi zangu.

Nikampa chai. Akaniambia bila kunitazama. Kwenye mkutano alisimama, akaipitisha simu mkono kwa mkono ili waone binti asiye na adabu. Wazee wakatazama. Wakacheka. Wakacheka sana, mmoja wao, Ireri, akashikilia ukuta. Kisha Ireri akamtazama Baba, akatazama simu, akamtazama tena. Akasema, "Lakini Nyaga, hata sasa hutafuni."

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja mmoja wakaanza kujishika mashavu, huku wakijifanya wanajikuna.

"Umeniaibisha," Baba akasema. "Sijakusamehe. Sasa hiyo hospitali inafunguliwa saa ngapi?"

Tukaenda. Alipanga laini kama kila mtu. Wawili walimtambua, wakamwita mwenyekiti. Aliwaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Daktari ni msichana mdogo, mpole. Alipouliza ametafuna muda gani, Baba akaanza kusema arobaini kwa ile sauti ya barazani, ikamwishia njiani. Wamekata kipande kidogo cha kwenda kupimwa. Tusubiri.

Alhamisi, 27 Machi

Kusubiri. Kitabu cha pili kina kuku na mto. Nachora mto, nafuta mto. Nimekata kucha hadi zikauma. Mvua imeanza, mabati yanapiga kelele siku nzima, na angalau kelele hiyo inanisaidia.

Baba hupiga simu jioni. Anauliza kama nimekula.

Jumatano, 2 Aprili

Ni saratani. Nimeiandika, basi.

Daktari anasema tumewahi, haijafika shingoni. Watapasua. Wataondoa shavu na kipande cha taya. Ataishi, anasema, wengi huishi, lakini uso hautakuwa ule.

Baba alimuuliza kama ni muguka. Akamuuliza tena kwa njia nyingine. Mara ya tatu daktari akamwambia, "Mzee, kwako wewe sijui, na siwezi kukuapia upande wowote. Lakini wacha kutafuna." Baba akaitikia kwa kichwa. Nje aliomba tusimame kidogo. Tulisimama. Sikujua niangalie wapi.

Jumapili, 6 Aprili

Ameniita shambani, mbali na Mama. Ameomba nimchore vile atakavyokuwa. Anasema wajukuu ni wadogo, wataona mtu mgeni amevaa koti la babu yao, guka wao, watakimbia. Hilo ndilo analoliogopa. Si kisu.

Sura zote nilizowahi kuchora ziliwahi kupita mbele yangu. Hii haipo bado. Nimempigia daktari, akanieleza mfupa utakatwa wapi na ngozi itavutwa wapi. Nikachora. Shavu limeingia ndani, mdomo umepinda kidogo. Nililia nikichora, sikujificha.

Baba aliutazama kwa mbali, alivyozoea. Akasema, "Sikio daktari hakuligusia. Umeliweka chini." Nikalipandisha.

Jumapili, 13 Aprili

Walimpasua Alhamisi. Anaamka, anakunywa maziwa kwa mrija, anaandika kwenye karatasi kwamba uji wa hospitali ni maji. Nimelala nyumbani Mbeere kumsaidia Mama.

Leo asubuhi nimemkuta Mama amesimama kwenye kiti, nyundo mkononi. Ametundika ule mchoro wa Jumapili iliyopita sebuleni, juu ya kiti cha Baba, mahali ambapo kichwa chake hufika akiketi. Nikamuuliza kwa nini pale.

"Tumzoee kabla hajarudi," akasema.

Wajukuu walipokuja kunywa chai walisimama mlangoni. Mdogo akajificha nyuma ya dada yake. Mama hakuwabembeleza. Alimimina chai, akasema, "Ni guka wenu. Msalimieni."

Wakamsalimia, mmoja mmoja.