Lastiki ya Miwani ya Elsie

Kayole, Nairobi,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Muhonja,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetufikisha leo. Hujambo dada? Ule mguu unaendeleaje, na kifua cha shemeji je? Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku tunatembea na tunakula, lakini kusema tuko wazima kabisa siwezi. Ungeniona leo usingenijua.

Utashangaa ni barua na simu iko. Dada, chumba chetu ni kimoja, na nikipiga simu Elsie husikia kila neno. Haya sitaki ayasikie. Owino, yule jirani wetu fundi wa milango, anaenda kwao kesho na atapitia hapo kwenu Luanda, kwa hivyo nimemwomba akubebee.

Ni macho ya Elsie. Nilikuambia mwalimu wake wa gredi ya sita aliniita, akasema mtoto haoni ubao, ananakili kwa mwenzake. Basi nikampeleka kwa daktari wa macho kule Komarock, akapimwa, tukapata miwani. Daktari alituonya vizuri kabisa kwamba siku za kwanza kichwa kitauma na macho yatachoka, lakini avae tu mpaka azoee. Wiki mbili zikipita kama hajazoea, nimrudishe. Mimi nilishika lile la kuvaa tu. La kurudisha nikaliacha huko huko mlangoni.

Sasa ni wiki ya nne. Akitoka shule anashika kichwa hapa juu ya nyusi, macho mekundu, yanatoa maji kama amekata vitunguu. Anasema sakafu inapanda. Ngazi za ploti, hili jumba tunalopanga, anazishuka akipapasa ukuta. Nthoki, yule anauza mboga hapo chini, akamwona akacheka, "Mama Elsie, huyu mtoto wako anatembea kama kuku kwa matope!" Nilicheka pia. Siku mbili baadaye Elsie alikosa ngazi akaanguka, goti likapasuka. Nthoki ndiye aliyemwinua, na hakucheka tena.

Na mimi nilifanya nini? Nilimwambia avumilie, hata kiatu kipya huchubua. Nikagundua akifika shule anaivua na kuificha kwa begi. Nikachukua lastiki, ile naweka kwa suruali za watoto nikishona pale sokoni Gikomba, nikaishona kwa vijiti vya miwani, huku na huku, imzunguke kichwa asiweze kuivua kirahisi. Nikajisifu kwamba mimi ni fundi. Wenzake wakaanza kumwita Punda wa Maji, kwa ile kamba ya kichwani. Hakuniambia. Niliambiwa na mtoto wa Nthoki.

Dada, nilikuwa naogopa, ndiyo maana. Namwona anapapasa ukuta, namwona mama. Unakumbuka mama akipapasa ukuta wa jikoni akitafuta chumvi, na sisi tukisema ni uzee, na hakuwa mzee? Nilisema huyu hatapofuka mikononi mwangu, atavaa miwani hata kama analia.

Jana mchana nikakata lastiki niifue, ilikuwa imejaa jasho. Chini yake nywele zimekatika, ngozi ina mstari. Nikamuuliza, "Elsie, kwani kule kwa daktari hukuona vizuri na hii?"

Akaniangalia. "Nilikuwa sioni, mama."

"Sasa mbona ulimwambia unaona?"

"Si ni wewe uliniambia."

Nikakaa chini, dada. Ni kweli. Tukiwa kwa foleni nilimwambia, usimsumbue daktari, ana watu wengi, akikuuliza sema naona vizuri, asante. Unajua tulivyolelewa, mkubwa akikuuliza hubishi. Daktari akawa anabadilisha vioo, anauliza, hii au hii? Elsie kila mara anageuka kunitazama. Na mimi, mtu ambaye hata vile vioo sivijui, nilikuwa natikisa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Nilidhani ni mtihani, namsaidia apite.

Mteja akijaribu suruali kwangu, kitu cha kwanza namwambia ni aseme pale inabana, asinionee haya. Mtoto wangu mwenyewe nilimfunga mdomo, halafu nikamfunga na kichwa.

Kesho nitamrudisha. Naogopa daktari atanigombeza mbele yake, na naogopa zaidi atasema nimeshaharibu macho. Niombee.

Jumanne, 11 Machi.

Dada, bado niko. Safari ya Owino iliahirishwa mpaka kesho, kwa hivyo naongeza.

Tulienda. Nilimweleza daktari yote, lile la foleni na lile la lastiki. Hakunigombeza. Aliandika tu, na kule kuandika kuliniuma kuliko kugombezwa. Kisha akasema, "Mama, nikuombe ukae nje kidogo."

Nikakaa kwa benchi, mkoba mapajani. Mlango haukufungwa sawasawa. Nikasikia, hii au hii? Nilijua Elsie anatafuta uso wangu na haupo. Halafu nikasikia kasauti, "Hapana. Rudisha ile ya kwanza." Kisha tena, "Hapana, hiyo inavuta." Mpaka daktari akacheka, "Leo umekuja na mdomo!" Mimi huko nje nalia kwa leso, watu wa foleni wananiangalia.

Miwani ile ilikuwa kali kuliko macho yake. Daktari anasema haijamharibu, ilimtesa tu. Mpya itakuwa tayari Ijumaa, na hata hiyo inaweza kumsumbua siku chache. Nitamwamini daktari, lakini moyo haujatulia, kwa sababu aliuliza pia kama kuna mtu wa familia aliyepofuka. Nikasema mama. Akauliza ilianzaje, nikamwambia nitamuuliza dada yangu. Wewe ndiye ulibaki naye nyumbani. Niandikie, mama alianza na kichwa kuuma? Aliona ukungu, au giza la pembeni? Usinifiche kwa kunihurumia. Owino anarudi Jumapili, mpe jibu.

Lastiki nimeichoma jikoni. Jana nilimpakulia Elsie ugali, nikamuuliza kama umeiva. Akaonja, akaniangalia kidogo, akasema, "Hapana mama, bado." Zamani angekula tu anyamaze. Nikaurudisha motoni, tukangoja pamoja.

Msalimie shemeji, na wanao Otiende na Sydney, waambie mama yao mdogo anawauliza kama wanasoma. Msalimie mama mkwe wako pia, na kaburi la mama ukipita ulifyekee nyasi kwa niaba yangu. Mungu akulinde mguu na nyumba, na awape mvua ya kiasi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuhitaji,
Truphena, mama Elsie.