Babu Lomayani Amebeba Lawama Yangu

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Julai ya Arusha haina huruma. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili, na mimi nimekaa chumbani kwangu Kaloleni nimevaa sweta mbili na soksi. Nimetoka zamu saa nane. Sijala, na wala sijisikii kula.

Naona aibu. Nianzie hapo, maana nikianza na habari nyingine nitazunguka tu.

Wanaonijua wanajua kazi yangu: nahudumia wazee kwenye makazi yaliyo juu kidogo ya mji, upande wa mlimani. Tangu corona irudi, Matroni wetu ametuwekea sheria. Barakoa muda wote, wageni wanaishia getini, na sisi wahudumu marufuku kwenda kwenye shughuli za watu. Alitusihi kama mama.

Wiki tatu zilizopita nikamwomba ruhusa niende kliniki. Uongo. Nilikwenda Moshi kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa mama mdogo. Kwetu Wachaga sendofu haikosi ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, wala keki, na keki tunalishana kwa mkono: binti anakulisha wewe, wewe unamlisha shangazi, shangazi anamlisha mwenzake, kijiti ni kile kile. Ukumbi umejaa, barakoa ziko mifukoni. Nilicheza mpaka visigino vikauma.

Jumatatu nikarudi kazini.

Babu Lomayani ni Mwarusha, ana miaka themanini na kitu, hana mtoto aliye hai. Kwao mzee akikupenda anakutemea mate kidogo kwenye paji la uso, manyunyu tu, ndiyo baraka. Matroni alishamkataza, na siku zote alikuwa anajizuia. Ila asubuhi ile nilimkata kucha za miguu, kazi ambayo wenzangu wanaikwepa, na nadhani moyo ulimzidi. Akashusha barakoa yake, akanishika kichwa, akanibariki.

Niliruka nyuma kana kwamba amenimwagia maji ya moto. Nikapiga kelele. Nikajipaka sanitaiza usoni mbele ya wazee wote, nikasugua mpaka ngozi ikawasha. Babu alibaki na mikono hewani. Kisha akaishusha, akaiweka magotini.

Na mimi ndiye niliyekuwa na ugonjwa asubuhi ile.

Alhamisi yake nilipika mtori, ule mchuzi wetu wa ndizi na nyama, nikauonja, hauna ladha. Nikaongeza chumvi. Bado. Nikaongeza tena. Wazee wakakunja nyuso, na Neema, mwenzangu wa zamu, akaniuliza kama leo nimewapikia ng'ombe. Tukacheka. Halafu nikaingia stoo nikanusa sabuni, nikanusa kitunguu, nikanusa hadi ndoo ya nepi. Hakuna harufu. Nilijua hapo hapo. Nilitakiwa kuvua aproni na kwenda nyumbani, lakini Matroni angeuliza ugonjwa nimeupatia wapi. Nikakohoa siku nne kwa kujificha. Aliyenisikia nilimwambia ni vumbi.

Wiki iliyofuata Bibi Ndeshi na Bibi Elinami wakapata homa. Wote wawili wako hospitali mpaka leo, wanapumulia oksijeni. Watu walipoanza kutafuta ugonjwa umeingiaje, Neema akakumbuka yale mate. Basi kila mtu akayakumbuka. Mimi nikatazama sakafu.

Babu akahamishiwa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya magodoro, ingawa hajakohoa hata mara moja. Kamati ya makazi ikaamua kwamba hasikii la kuambiwa, arudishwe kwa mtoto wa kaka yake huko Oldonyosambu. Anachukuliwa kesho saa nne. Huyo mtoto wa kaka ndiye aliyemleta kwetu miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo hajaja kumwona.

Leo mchana nimempelekea uji dirishani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika vizuri tu, kama kila siku. Nikashindwa kuondoka. Nikamwambia yote, sendofu, chumvi, kikohozi, huku nalia kama mtoto.

"Najua," akasema. "Si nilikuwa nakusikia ukikohoa kule kwenye kamba za nguo? Nyamaza tu, binti yangu. Wewe una watoto. Wakikufukuza watakula nini? Mimi mzee, pa kulala hapakosekani."

Sasa naandika jambo baya kuliko yote hayo. Niliposikia hivyo, nilifurahi.

Tena sana. Nilifuta machozi, nikapokea kikombe, nikatembea hadi jikoni nikiwa mwepesi. Nikajiambia Babu amesamehe, yameisha. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, ndipo moyo ukaanza kunisuta. Yule mzee hana kwao pengine zaidi ya pale, na hapo penyewe amekubali kupaacha ili mimi nibaki na mshahara wangu. Nami nilimshukuru nikaondoka zangu.

Nimempigia Matroni mara tatu. Akipokea tu, nakata. Uso kwa uso ndiyo kabisa. Najijua, nitaanza kumweleza habari za sabuni kuisha.

Lakini Matroni anasoma blogu hii. Kila nikiandika hunitumia ujumbe wa kunisifia. Kwa hiyo nasema hapa, mbele yenu wote, ili nikishachapisha nisiwe na pa kurudia.

Matroni, sikwenda kliniki. Ugonjwa niliuleta mimi. Babu Lomayani hana kosa, na alijua, akaninyamazia. Akija yule mtoto wa kaka yake kesho, tafadhali arudi alikotoka peke yake, Babu abaki. Mimi saa moja asubuhi nitakuwa nje ya geti na barakoa yangu. Kama sitafunguliwa, nitaelewa.